Mhandisi wa Viwanda Anasomea Nini Hasa?

Mwanafunzi wa uhandisi ujenzi hana kazi ya kujieleza. Akitaja kozi yake, kila mtu anaona daraja au ghorofa. Wa umeme vivyo hivyo: nyaya na transfoma, imetosha. Lakini anayesoma uhandisi wa viwanda akitaja kozi yake, swali la pili halikosekani: "Kwa hiyo utakuwa unatengeneza mashine?" Hapana. "Utakuwa meneja wa kiwanda?" Pengine, ila sicho anachosomea. Na ukiitazama ratiba yake ndipo unapochanganyikiwa zaidi. Asubuhi ana kipindi cha nadharia ya uwezekano (hesabu za mambo yasiyo na uhakika), baadaye uhasibu wa gharama, mchana yuko maabara anapima urefu wa mkono wa mwenzake aliyekaa kwenye kiti, na jioni anahangaika na programu ya kompyuta inayokataa kutoa jibu.

Lawama inayosikika mara nyingi ni kwamba kozi hii inagusa kila kitu na haizami popote. Naielewa, ila siikubali. Masomo haya yana mshipa mmoja unaoyapitia yote, nao ni kubadilikabadilika kwa mambo. Wateja hawaji kwa mpangilio. Mashine huharibika bila taarifa. Watu wawili hawafanyi kazi ileile kwa kasi moja, na mzigo uliotarajiwa Jumatatu unafika Alhamisi. Mhandisi wa viwanda anafundishwa kupanga kazi ya watu, mashine, malighafi na taarifa ili iende vizuri pamoja na vurugu hiyo yote. Asiyeliona hilo mapema humaliza mwaka wa pili akiwa na madaftari saba yasiyohusiana.

Tofauti yake na wahandisi wengine huonekana kwenye maswali wanayouliza. Chukua kipande cha chuma kinachopita karakana yenye mashine nane. Mhandisi mitambo atauliza mashine ikate kwa kasi gani, kwa kisu cha aina gani, joto lisizidi wapi. Mhandisi wa viwanda atauliza kwa nini kipande kilichokatwa kwa dakika 12 kimekaa siku sita sakafuni kikingoja mashine inayofuata. Katika karakana nyingi za namna hiyo, kazi hutumia sehemu kubwa ya muda wake ikisubiri, si ikifanyiwa chochote. Kununua mashine inayokata kwa dakika sita badala ya 12 kunapunguza dakika sita, na zile siku sita zinabaki palepale.

Matabaka ya ratiba

Ratiba hii imejengwa kwa matabaka, na ukijua kila tabaka lilikuja lini, mchanganyiko wake unaanza kueleweka.

Tabaka la chini kabisa ni la kupima kazi ya mikono. Frederick Taylor, aliyefanya kazi katika kiwanda cha chuma cha Midvale huko Philadelphia, Marekani, miaka ya 1880, alianza kuigawa kazi vipandevipande na kuipima kwa saa. Frank Gilbreth, aliyeanza maisha akiwa fundi wa kujenga kwa matofali, alishughulika zaidi na miondoko kuliko muda. Aligundua kwamba fundi huinama kuokota kila tofali, huligeuzageuza kutafuta uso mzuri, halafu hulipangusa na kuligongagonga. Akatengeneza jukwaa linalopanda kadiri ukuta unavyopanda, akaagiza matofali yapangwe tayari yakiwa yametazama upande unaofaa, na miondoko ya kuweka tofali moja ikashuka kutoka 18 hadi karibu 5. Mkewe, Lillian Gilbreth, alileta saikolojia ndani ya fani: uchovu, kuchoshwa na kazi ya aina moja, namna mtu anavyojisikia anapopimwa. Mwaka 1935 alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Purdue. Maabara ya kupima mkono wa mwenzako kwenye kiti iko kwenye tabaka hili.

Shahada yenyewe ilianzia chuo cha jimbo la Pennsylvania, kati ya 1908 na 1909. Wakati huohuo, huko Copenhagen, Denmark, mtaalamu wa hesabu wa kampuni ya simu, Agner Erlang, alikuwa akijiuliza zinahitajika laini ngapi ili wapigaji wasikwame, na mwaka 1909 akachapisha hesabu zilizoanzisha nadharia ya foleni. Mwaka 1913 kampuni ya magari ya Ford ilianza kusukuma gari kwenye mstari unaotembea pale Highland Park, na kuunganisha fremu ya gari kukashuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi saa moja na nusu hivi. Mwaka 1924 Walter Shewhart alichora chati ya kwanza ya kudhibiti ubora. Vita Kuu ya Pili ikawakutanisha wanasayansi na maafisa wa jeshi kupanga misafara ya meli na mahali pa kuweka rada, na kutoka hapo likazaliwa somo la utafiti wa uendeshaji, yaani kutumia hesabu kuamua namna bora ya kuendesha kazi. Mwanahisabati George Dantzig alilipa zana yake kuu, mbinu ya simpleksi ya kutafuta chaguo bora penye vikwazo vingi, mwaka 1947. Baadaye zikaja kompyuta, uigaji (kuuiga mfumo ndani ya kompyuta ili kuujaribu), minyororo ya ugavi na data.

Kila tabaka liliacha somo lake, na hakuna lililofutwa. Ndiyo maana mwanafunzi anakutana na saa ya miaka ya 1880 na programu za leo katika muhula mmoja.

Mwaka wa kwanza hauna mengi ya kueleza. Ni kalkulasi, aljebra ya mistari, fizikia, kemia kidogo, michoro ya kihandisi na utangulizi wa programu, sawa na wahandisi wengine wote. Wengi huanza kujiuliza kama wamekosea kozi, kwa kuwa hakuna hata kipindi kimoja kinachofanana na jina la shahada yao. Wavumilie tu.

Hapa ndipo penye uzito

Somo linalotenganisha wanafunzi ni nadharia ya uwezekano. Wengi wanaipita kwa kukariri fomula, wanapata alama za kutosha, wanashukuru imekwisha. Haijaisha. Itarudi kwenye foleni, kwenye ghala, kwenye ubora, kwenye uigaji, na kila ikirudi itadai kile ambacho hawakukielewa.

Tuchukue foleni moja tuitazame kwa karibu. Kuna dirisha moja la huduma. Kumhudumia mtu mmoja kunachukua dakika 10 kwa wastani, wengine hutumia tatu, wengine 25. Watu wanakuja bila mpangilio. Mhudumu akiwa na kazi kwa nusu ya muda wake, anayefika atasubiri kwa wastani dakika 10 kabla ya kuhudumiwa. Ongeza wateja mpaka mhudumu awe na kazi asilimia 80 ya muda: kusubiri kunafika dakika 40. Asilimia 90, dakika 90. Asilimia 95, dakika 190, yaani zaidi ya saa tatu.

Zisome tena namba hizo. Kutoka asilimia 90 hadi 95 mhudumu ameongezewa kazi kidogo sana, lakini kusubiri kumezidi mara mbili. Meneja asiyejua hili akikuta mhudumu amekaa bure asilimia 20 ya muda, anaona uvivu na kumwongezea kazi. Wiki inayofuata foleni inatoka nje ya mlango na hakuna anayeelewa kulikoni. Ile asilimia 20 ndiyo iliyokuwa ikimeza siku mbaya: wateja watano waliofika pamoja, mtu mmoja mwenye kesi ndefu. Laiti kila mtu angefika baada ya dakika 12 kamili na kuhudumiwa kwa dakika 10 kamili, kusingekuwa na foleni kabisa, ingawa mhudumu angekuwa na kazi zaidi ya asilimia 80 ya muda. Foleni inatokana na kubadilikabadilika. Wingi wa kazi unaikuza tu.

Karibu na hesabu hiyo kuna kanuni moja ambayo ningependa kila mwanafunzi aijue hata akisahau nyingine zote. John Little aliithibitisha mwaka 1961: idadi ya vitu vilivyomo ndani ya mfumo, kwa wastani, ni sawa na kasi ya kuingia mara muda ambao kila kimoja kinakaa ndani. Ofisi yenye mafaili 30 mezani inayomaliza sita kwa siku inamchukulia kila mteja siku tano. Haijalishi mafaili yanakuja kwa mtindo gani, mradi mfumo umetulia, yaani yanayoingia na yanayotoka yanalingana. Kwa hiyo ukitaka kumhudumia mteja kwa siku mbili bila kuongeza kasi ya kazi, hakuna ujanja: mafaili mezani yasizidi 12. Nimeona ripoti nene za ushauri ambazo zingeweza kuandikwa kwa sentensi hiyo moja.

Chati ya Shewhart ni habari ileile kwa sura nyingine. Mashine ya kujaza chupa haijazi kiasi kilekile kila mara. Mwendeshaji akiona moja imepungua, mkono unamwasha kurekebisha. Akirekebisha kila mara, anaongeza mtawanyiko (tofauti kati ya chupa na chupa) badala ya kuupunguza, maana anafukuza tofauti zinazotokea kwa bahati tu. Chati inaweka mipaka miwili, juu na chini, na kusema: ndani ya mipaka hii usiiguse. Mipaka ya kawaida, kwa mchakato uliotulia, hutoa kengele ya uongo mara moja tu katika vipimo 370 hivi. Kwa hiyo kipimo kikivuka, kuna sababu ya kutafuta. Kufundisha watu wasiguse ni kugumu kuliko kuwafundisha kugusa.

Namba nzuri na mashaka yake

Upande wa pili wa kozi ni kutafuta chaguo bora. Mwanafunzi anajifunza kuandika tatizo kwa lugha ya hesabu: nini kinaweza kubadilishwa, nini kinabana, nini kinatafutwa. Kuna matatizo ambayo kompyuta huyamaliza kwa sekunde hata yakiwa na vigezo maelfu. Mengine yanaonekana madogo na yanaitoa jasho. Gari linalopita vituo 20 na kurudi lilipoanzia lina njia zaidi ya milioni milioni 60,000 za kuchagua, hivyo kujaribu moja baada ya nyingine si mpango. Hapo ndipo mwanafunzi anapojifunza kuridhika na jibu zuri linalopatikana leo.

Somo la ghala linatoa mfano ninaoupenda. Ford Harris aliandika fomula yake mwaka 1913: ukiagiza mzigo mkubwa unaagiza mara chache lakini unalipia kuutunza, ukiagiza mdogo ni kinyume chake. Tuseme mahitaji ya mwaka ni vipande 10,000, kila agizo linagharimu 50 kwa fedha yoyote ile, na kutunza kipande kimoja mwaka mzima kunagharimu 4. Fomula inasema agiza vipande 500 kila mara. Gharama ya mwaka ni 1,000 za kuagiza na 1,000 za kutunza, jumla 2,000. Wanafunzi wengi wanaishia hapo, wanapigia mstari jibu na kufunga daftari.

Sasa kosea kwa makusudi. Agiza 750, yaani nusu zaidi ya jibu sahihi. Jumla inakuwa karibu 2,167. Kosa la asilimia 50 limekugharimu kama asilimia 8 tu. Kwa hiyo kama lori linabeba vipande 600, jaza lori, usibishane na fomula. Faida ya hesabu hii ni kukuonyesha mahali ambapo hupaswi kupoteza usingizi. Kwenye foleni ilikuwa kinyume: hatua ndogo karibu na ukingo ilileta balaa. Kujua ni wapi mfumo unasamehe na wapi hausamehi ni sehemu kubwa ya umahiri wa fani hii, na mtihani wa kuchagua jibu haupimi hilo.

Lipo pia kosa la kuboresha mahali pasipofaa. Mashine ya kwanza inatoa vipande 100 kwa saa, ya pili 60, ya tatu 90. Kiwanda kinatoa 60. Ukiifikisha ya kwanza 130, kiwanda bado kinatoa 60, ila sasa unahitaji nafasi kubwa zaidi ya kurundika vinavyosubiri ya pili. Darasani kila mtu anaona. Kazini, mkuu wa idara ya kwanza anapimwa kwa vipande vyake, anapewa zawadi kwa 130, na hakuna anayetaka kumharibia.

Saa na anayepimwa

Kupima kazi kwa saa bado kunafundishwa. Unamtazama mfanyakazi mara nyingi, unapata wastani, tuseme dakika 0.80. Unakadiria kasi yake: ukimwona anafanya haraka kuliko kawaida kwa asilimia 10, unazidisha kwa 1.10 upate 0.88. Unaongeza muda wa kupumzika, kwenda maliwatoni na dharura ndogo ndogo, tuseme asilimia 15, na muda rasmi unakuwa dakika 1.01 hivi. Kwa shifti ya dakika 450 hiyo ni kama vipande 445.

Hesabu ni ya mtoto wa shule ya msingi. Mgogoro uko kwenye ile 1.10, ambayo haikutoka kwenye saa, imetoka kichwani mwa mpimaji. Na mfanyakazi anajua kwamba leo akienda mbio, kesho mbio hizo ndizo zitakuwa kipimo cha kila mtu. Mwaka 1911 wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Watertown, Marekani, waligoma walipoletewa saa hizo. Bunge likachunguza, na baadaye matumizi yake yakapigwa marufuku kwa miaka mingi katika viwanda vya silaha vya serikali. Kozi nzuri inaifundisha habari hii pamoja na fomula. Kozi mbovu inafundisha fomula, halafu inamtuma kijana wa miaka 21 kusimama nyuma ya mama aliyefanya kazi ile miaka 20, saa mkononi, bila hata kumsalimia.

Ergonomia inatakiwa kurekebisha mizani hiyo. Hapa swali linageuzwa: kazi imfae mtu, badala ya mtu kujikunja ili aifae kazi. Urefu wa meza, uzito unaonyanyuliwa, mwanga, kelele, swichi inayofanana na nyingine na kumfanya mtu abonyeze siyo. Ukikuta mtu anafanya kosa lilelile kila wiki, mwongozo wa somo hili ni kuanza kukagua kifaa kabla ya kumkagua mtu.

Kwa nini si biashara tu?

Wanafunzi wa uhandisi mwingine wana utani wao: huu ni usimamizi wa biashara uliovaa kofia ya plastiki. Kuna ukweli kidogo. Uchumi wa kihandisi, usimamizi wa miradi na ugavi vinafundishwa pande zote mbili. Tofauti iko kwenye kina cha hesabu. Mwanafunzi wa biashara hufundishwa kwamba akiba kubwa ya mzigo inafunga mtaji. Wa uhandisi wa viwanda anatakiwa kuikokotoa akiba hiyo kutoka kwenye mtawanyiko wa mahitaji na wa muda wa mzigo kufika, kuiandikia programu, kisha kuitetea namba yake. Kwa upande wa pili, wanaomfananisha na mtaalamu wa data nao wanasahau kwamba mtaalamu wa data mara nyingi anaishia kwenye utabiri. Huyu anatakiwa kusema nini kifanyike kesho asubuhi, na nani akifanye.

Ndiyo maana wahitimu wake hawakai viwandani peke yake. Wapo hospitalini wakipanga vyumba vya upasuaji, bandarini, kwenye viwanja vya ndege, benki, maghala ya biashara za mtandaoni. Uhuru huo una bei yake: mwajiri asiyeijua fani hawezi kukisia unafanya nini, na itakubidi ueleze kwa kazi ulizofanya kuliko kwa jina la cheti.

Mradi wa mwisho

Mwaka wa mwisho mwanafunzi hupelekwa mahali halisi akakutane na tatizo halisi, na hapo hujua kwamba vitabu vilimficha jambo moja: data. Vitabuni data ipo, safi, kwenye jedwali. Kazini anapewa daftari la kuharibika kwa mashine, anaingiza namba kwenye kompyuta na kuona muda wa kusimama ni dakika 15, 30, 30, 60, 15, 45. Hakuna 17, hakuna 38. Mashine haziharibiki kwa robo saa kamili. Maana yake daftari linajazwa mwisho wa shifti kwa kukumbuka, na visimamo vya dakika mbili mbili havikuandikwa kabisa, ingawa vikijumlishwa huenda ndivyo vinavyokula muda mwingi kuliko vyote.

Mwanafunzi mzembe atalisha namba hizo kwenye programu ya uigaji na kupata michoro ya kupendeza. Mwenye akili atashuka chini na karatasi, ataandika mwenyewe kwa shifti kadhaa, na kabla ya hapo atamuuliza mwendeshaji. Mara nyingi mwendeshaji analijua tatizo, na hata suluhisho. Kinachokosekana ni mtu wa kuligeuza liwe namba ambazo wakubwa watazisikiliza.

Anayefikiria kuchagua kozi hii basi asihesabu idadi ya maabara zenye roboti. Aangalie mtaala: uwezekano na takwimu vinachukua mihula mingapi, na je, vinatangulia uigaji na udhibiti wa ubora au vimewekwa baadaye kwa sababu ya uhaba wa walimu? Programu inafundishwa ili itumike kwenye masomo mengine, au ni kipindi kimoja cha mwaka wa kwanza kisichoguswa tena? Mradi wa mwisho unafanywa na taasisi inayosubiri jibu, au ni tatizo la kubuni lililokwishatatuliwa na wanafunzi wa mwaka jana? Shahada imeidhinishwa na bodi ya wahandisi ya nchi husika, kwa wanaotaka kusajiliwa? Na kama inawezekana, amtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu amuulize swali moja tu: foleni ya dirisha moja ikifika asilimia 95, nini kinatokea? Akijibu kwa fomula tupu, hiyo ni taarifa. Akijibu kwa fomula kisha akaanza kulalamikia foleni ya mgahawa wa chuo na namna ambavyo angeipanga, hiyo ni taarifa nyingine.